Juu ya Soko Hatupiti

Asubuhi ya mtihani wa leseni ya urubani wa droni, Kipanga aliamka na azimio moja tu kifuani: leo mtahini akimwamuru upuuzi, atakataa. Atakataa kwa adabu, kwa sauti ya kusikika, na muda ukiruhusu, kwa madaha kidogo.

Mwaka uliopita hakukataa, na ndiyo maana leo alikuwa anarudia. Mtahini wa mwaka ule alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi. Alimwacha Kipanga afanye kila zoezi bila kasoro, halafu akamwambia, kwa sauti ya babu anayemtuma mjukuu dukani, "Hebu ipitishe juu ya wale watu pale getini, tuone." Kipanga, ambaye alikuwa amelelewa vizuri kupita kiasi, akaipitisha. Mzee akakohoa, akafunga faili lake.

"Umefeli, mwanangu. Droni haipiti juu ya vichwa vya watu. Angani rubani ndiye mwenye neno la mwisho. Nikikuamuru kinyume mimi, akikuamuru bosi wako, akikuamuru mama yako mzazi, unasema hapana."

Kumbe ulikuwa mtego. Kumbe kila mtahini huwa nao, anautega katikati ya mazoezi, na kila rubani mwenye leseni alishawahi kuuruka. Kipanga peke yake ndiye hakuambiwa. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa kama aliyenyolewa nusu, na kwa mwaka mzima akafanya mazoezi ya kusema hapana mbele ya kioo.

Jina lenyewe, Kipanga, lisimdanganye mtu. Halikuwa la sifa. Alilipata siku aliyojaribu droni yake ya kwanza nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani walidhani adui wa ukoo wao ameshuka, wakakimbilia ndani ya nyumba, mmoja akajificha ndani ya kofia ya mwenye nyumba, ambayo kwa bahati mbaya mwenye nyumba alikuwa ameivua kwa ajili ya wageni. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Kipanga, na jirani akawa anaangalia juu kila anapotoka mlangoni.

Sasa alikuwa na droni ya kazi, si ya kutishia kuku. Kulikuwa na kampuni iliyopewa kazi ya kukagua mapaa ya mashule baada ya mvua ya mawe, na meneja wake, mtu wa maneno machache na masharti mengi, alikuwa amemwambia wazi: "Jumatatu nataka leseni na bima. Bila leseni hukatiwi bima, na bila bima hurushi hata tiara juu ya mapaa yangu." Jumatatu yenyewe ilikuwa keshokutwa. Na kanuni ilisema atakayefeli mara ya pili atakaa nje mwaka mzima kabla ya kujaribu tena.

Hakuwa peke yake ndani ya shimo hilo. Alikuwa amemtumbukiza na Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wa mama yake kwa kuzaliwa tu. Kwa mambo mengine yote alikuwa mkubwa wa kila mtu. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na sauti yake ilikuwa ndiyo kengele. Aliposema "Amkeni!" kwenye mlango wa kwanza, wa mlango wa mwisho walikuwa wameshavaa. Kanuni za droni zinamtaka rubani awe na mwangalizi, mtu wa kusimama kando yake, kuiangalia ndege na anga, na kurudia kwa sauti inayosikika kila amri inayotolewa wakati wa kuruka, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba hakusikia. Mama Mdogo aliposomewa kifungu hicho, machozi yalimlengalenga. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwomba apunguze sauti, na sasa ilikuwa imepatikana serikali inayomwomba aipaze.

Akaacha umatroni. Hakuacha kimyakimya; aliaga mbele ya shule nzima, akatoa hotuba, akapewa saa ya ukutani. Kurudi bwenini baada ya hotuba kama ile ingekuwa aibu isiyosemeka.

Mazoezi yalianzia mezani. "Nipe chumvi," Kipanga angesema. "RUBANI ANAOMBA CHUMVI!" Mama Mdogo angerudia, na vikombe vikatikisika. Paka wa nyumba alihama.

Mtihani ulikuwa kwenye uwanja wa chuo cha ufundi. Duara jeupe la chokaa lilikuwa limechorwa katikati, na kitambaa chekundu kikapeperushwa juu ya mti mrefu kuonyesha upepo unakoelekea. Watahiniwa walikaa kwenye kivuli cha karakana, kila mmoja juu ya sanduku la droni yake kama abiria waliokosa gari. Getini, chini ya mwavuli, alikuwepo dada wa bima na meza yake ya plastiki. Alikuwa hakosi siku ya mtihani. Anayefaulu anatoka na leseni mkononi ikiwa bado mbichi, na yeye yuko palepale kumkatia bima kabla furaha haijapoa. Upande wa pili wa uzio kulikuwa na barabara, ng'ambo ya barabara soko, na nyuma ya soko nyumba zenye kuta ndefu.

"Mzee wa kikohozi amestaafu," alinong'ona aliyekaa jirani na Kipanga. Huyu alikuwa mpiga picha wa sherehe, na wenzake walimwita Bwana Harusi kwa sababu alikuwa amehudhuria harusi nyingi kuliko mtu yeyote mjini na hakuwahi kuoa. "Kaja mpya. Yule pale."

Mtahini mpya alikuwa mtu mnene wa haraka haraka, na muhuri wa leseni aliuweka kwenye mfuko wa shati. Ulikuwa umevuja. Doa la wino wa zambarau lilikuwa limekaa kifuani kama nishani ya vita asivyopigana. Kabla ya saa ya mtihani kufika, watahiniwa walikuwa wameshambatiza: Muhuri.

"Na mtego?" Kipanga aliuliza.

"Mtego lazima uwepo. Akikuambia jambo la ajabu, kataa."

"Nitakataa."

"Kataa vizuri, lakini. Usimvunjie heshima."

"Bwana Harusi, mimi nimekataa mbele ya kioo mwaka mzima. Kioo chenyewe kimeniheshimu."

Akaitwa wa kwanza.

Alikagua mapanga ya droni moja moja, akakagua betri, akasubiri ndege ipate setilaiti zake, akatazama kitambaa cha upepo. "Naruka," akasema. "RUBANI ANARUKA!" akarudia Mama Mdogo, na mafundi seremala ndani ya karakana wakazima msumeno wakidhani kuna ajali. Droni ikapanda. Mraba akaufanya, kona zake kali kama shuka la matroni. Umbo la nane akalifanya. Akaisimamisha hewani palepale bila kutikisika huku Muhuri akitazama saa yake, na akitazama pia, Kipanga aligundua, kitu kingine. Macho ya Muhuri yalikuwa yanaruka uzio kila mara kuelekea zile nyumba nyuma ya soko.

Halafu akasogea. Akasimama karibu kabisa na Kipanga, akashusha sauti.

"Binti. Unaiona ile nyumba yenye ukuta wa kijivu, nyuma ya soko? Vuka soko, simama juu ya ua wake, nipigie picha. Nataka kuona yule jamaa anajenga nini mle ndani."

Moyo wa Kipanga ukaruka kwa furaha. Mtego umefika! Na ulikuwa mtego wa kifalme. Mzee wa kikohozi alitega kosa moja tu, lakini huyu alikuwa ameyafunga matatu kwenye fungu moja: kupita juu ya watu, kuipeleka ndege mahali macho hayafiki, na kuchungulia ua wa mtu bila ruhusa yake. Karibu ampigie makofi.

"Hapana, mtahini," akasema kwa ile sauti ya kwenye kioo. "Kwa heshima zote ulizonazo na utakazopata, nakataa."

Mama Mdogo akavuta pumzi.

"MTAHINI ANAAMURU DRONI IVUKE SOKO, ISIMAME JUU YA UA WA NYUMBA YENYE UKUTA WA KIJIVU, IPIGE PICHA YA ANACHOJENGA YULE JAMAA! RUBANI AMEKATAA KWA HESHIMA ZOTE!"

Ng'ambo ya barabara soko zima likageuka. Mwanamke aliyekuwa anapima unga akaacha kopo hewani.

Muhuri alibadilika rangi. "Mama! Hiyo haikuwa ya kurudia!"

"MTAHINI ANASEMA HIYO HAIKUWA YA KURUDIA!"

"Nyamaza!"

"MTAHINI ANAAMURU MWANGALIZI ANYAMAZE! MWANGALIZI ANAKUMBUSHA KWAMBA KANUNI HAIMRUHUSU!"

Kipanga alikuwa anaona raha isiyo kifani. "Mzee, nikwambie ukweli, unaigiza vizuri mno," akamnong'oneza bila kuondoa macho kwenye ndege. "Wa mwaka jana alikohoa tu. Wewe umeweka mpaka nyumba na jamaa. Na hasira hizo, unazipata wapi?"

"Naigiza nini?"

"Huo hasa! Huo uso!"

"Binti, sikiliza." Muhuri akamshika kiwiko. "Mimi siigizi. Yule ni jirani yangu. Amepandisha ukuta mpaka jikoni kwangu jua haliingii. Kutwa nyundo, kutwa magari ya mchanga. Nimemuuliza anajenga nini, ananijibu 'utaona'. Utaona! Mwaka wa pili huu sioni kitu! Mke wangu ananiuliza mimi ni mwanamume gani nisiyejua kinachojengwa mgongoni kwangu. Wewe una jicho hewani hapo, dakika moja tu, na unaniletea mashairi." Akauchomoa muhuri mfukoni. Vidole vyake vikaingia wino. "Piga picha, nakugongea sasa hivi. Usipopiga, utarudi mwaka kesho. Chagua."

Raha ikamtoka Kipanga kama maji kwenye beseni lililotoboka.

Hakukuwa na mtego. Kulikuwa na mtu mzima mwenye muhuri, na ukuta, na mke anayemuuliza maswali. Hapana yake yote ya kwenye kioo ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya mtu ambaye angetabasamu mwishoni na kusema vizuri, mwanangu. Huyu asingetabasamu. Hapana ya sasa haikuwa na maksi ndani yake. Ilikuwa na mwaka mwingine wa kukaa bure, mapaa yaliyochukuliwa na mwingine, na Mama Mdogo akipanda ngazi za bweni na saa yake ya ukutani kwapani, wasichana wakimchungulia.

Droni ilikuwa imetulia angani, tiifu, inangoja kuambiwa. Kuvuka soko ni kusukuma kidole mbele. Uwezekano mkubwa hakuna ambacho kingetokea. Kipanga alijua hivyo, na ndiyo sehemu iliyomkera zaidi, kwamba pengine kweli hakuna ambacho kingetokea.

Akatazama soko. Mwanamke wa unga alikuwa bado ameshika kopo. Mwanamume mmoja alikuwa amelala juu ya magunia, uso juu, mdomo wazi, ameamini anga kabisa. Mama mmoja alikuwa anamwosha mtoto miguu kwenye beseni, na mtoto alikuwa amenyoosha kidole kuelekea ile nukta nyeusi hewani, anacheka.

"Hapana," akasema. Safari hii haikuwa na madaha. Ilitoka ikiwa kavu na ndogo, na akashangaa jinsi ilivyokuwa nzito mdomoni. "Juu ya soko hatupiti."

Akamgeukia Mama Mdogo. Mama Mdogo alikuwa amesikia kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikuwa kimya. Alikuwa ameelewa. Alitazama muhuri, akatazama uso wa mtoto wa dada yake, na mtu angeweza kuona hotuba yote ya kuaga ikipita machoni pake kuanzia mwanzo mpaka makofi. Kisha akajishika kiuno, akajaza kifua.

"MTAHINI ANASEMA AKIPIGIWA PICHA YA UA WA JIRANI ATAGONGA MUHURI, ASIPOPIGIWA ATAFELISHA! RUBANI ANASEMA HAPANA! JUU YA SOKO HATUPITI!"

Yule aliyelala juu ya magunia akaamka.

"Umefeli!" akafoka Muhuri.

"RUBANI AMEFELI!"

"Kwa kosa gani?" Kipanga akauliza. Alikuwa ameanza kuishusha ndege taratibu, bila kuharakisha, kama kitabu kinavyotaka. "Kanuni inasema kosa linatajwa, mwangalizi analirudia."

Muhuri akatafuta kosa angani, akalitafuta kwenye majani. "Ukaidi," akasema hatimaye.

"KWA UKAIDI! WA KUTOPITA JUU YA SOKO!"

Kutoka upande wa soko ikasikika miluzi, na mtu akapiga sufuria. Droni ikatua katikati ya duara jeupe, ikatimua chokaa kidogo, ikazima. Kipanga akaiokota.

"Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Bwana Harusi. Alikuja na droni yake kifuani kama anabeba mtoto wa watu. Alikuwa mwoga wa kutajika. Mwenyewe alikuwa akisema harusi anazipenda kwa sababu huko wanaogopa wengine.

"Wewe," Muhuri akamwambia. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hawezi kurudi nyuma bila kuanguka, kwa hiyo akasonga mbele. "Wewe ni mtu mzima. Utavuka soko au na wewe ni mkaidi?"

"Mzee," Bwana Harusi akasema, "mimi Jumamosi ijayo nina harusi, na mama wa bibi harusi ni mkali, wewe unasingiziwa tu. Naihitaji hii leseni kuliko ninavyohitaji chakula." Akamtazama Kipanga. Wote walimngoja. "Lakini nilichangia kumwambia huyu dada akatae. Siwezi tena mimi nikavuka. Nitalala vipi?"

Akarudi kwenye kivuli, akairudisha droni sandukuni, akaketi juu ya sanduku. Fundi wa minara aliyekuwa wa tatu akachomoa betri yake. Wa nne naye. Kivulini kote ikasikika ile milio midogo ya masanduku yanayofungwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtahiniwa wa mwisho, ambaye alikuwa amechelewa na hakujua kilichotokea, akafunga la kwake kwa kufuata wengine.

"Haya," akasema Muhuri. "Wote mmefeli."

"Samahani, baba." Dada wa bima alikuwa ameacha meza yake. Alikuja na mwavuli wake wazi, bila haraka, kama mtu anayepita kusalimia. "Mimi ni wa bima. Sina la kusema juu ya kufeli. Nina la kusema juu ya kufaulu. Mtu atakayepata leseni hapa leo kwa kuvuka lile soko, mimi simkatii bima. Wala wenzangu hawatamkatia, maana nitawapigia simu."

"Wewe nani akuulize?"

"Aniulize nani? Mimi ndiye wa kulipa hiyo ndege ikimwangukia muuza vyungu." Akamgeukia Kipanga, akamtazama kuanzia kichwani hadi viatu. "Huyu mkaidi wako ndiye ninayemtaka. Kama ningekuwa na wakaidi kama huyu wote, ningekuwa nimeshastaafu."

"MWAKILISHI WA BIMA ANASEMA ANGEKUWA AMESHASTAAFU!"

"Hiyo si amri, Mama Mdogo," akasema Kipanga.

"Najua. Nimeipenda tu."

Hapo ndipo uzio ulipotikiswa. Mwanamume mwembamba aliyeshika mfuko wa misumari alikuwa ameung'ang'ania kwa nje, anahema. Ilionekana alikuwa sokoni kununua misumari hiyo wakati nyumba yake ilipotangazwa.

"Nani anataka kupiga picha ua wangu?" akauliza. Kisha akamwona. "Jirani! Ni wewe?"

Muhuri akajipangusa uso kwa vidole vyake. Wino ulikuwa umemfika mpaka kidevuni.

"Ungegonga mlango, bwana! Ni banda la kuku! Banda la kuku tu! Nilisema 'utaona' kwa sababu nilitaka kuwashtukiza na mayai, wewe na shemeji!"

"Na ukuta?" sauti ya Muhuri ilikuwa imekonda. "Ukuta wote ule?"

"Wa kuzuia vipanga. Wamezidi siku hizi."

Watu wote waliojua historia wakamtazama Kipanga, naye akaona ni wakati mzuri wa kukagua skrubu za droni yake.

"Kipanga anatoka juu, baba," Mama Mdogo akamwambia yule mwembamba kwa upole, ule wa kumweleza mtoto wa darasa la kwanza. "Ukuta unamzuia nini?"

Mwenye kuku akawaza. Ilionekana ni mara ya kwanza.

Muhuri akaurudisha muhuri mfukoni, akachukua faili lake, akaanza kutembea kuelekea gari lake. Hakuaga. Lakini mtihani ulikuwa haujafungwa rasmi, na mwangalizi alikuwa bado kazini.

"MTAHINI ANAONDOKA! MTAHINI ANAFUNGUA MLANGO WA GARI! MTAHINI AMEBANA SHATI MLANGONI! MTAHINI ANAFUNGUA TENA!"

Soko likamsindikiza kwa sufuria mpaka kwenye kona.

Simu aliipiga dada wa bima. Alimweleza mkuu wa ofisi ya leseni yote, bila chumvi, maana haikuhitajika. Kila aliposita, Mama Mdogo alijazia kutoka pembeni, na inasemekana mkuu alizisikia sauti zote mbili. Akajibu kwamba anatuma mtahini mwingine mchana huohuo, na kwamba kila mtu ataanza upya, pamoja na aliyefelishwa.

Kuanza upya kulikuwa na shida zake. Kipanga alibakiwa na betri moja yenye chaji. Na Mama Mdogo, baada ya kazi ya asubuhi, alikuwa ameanza kukwaruza.

"Kunywa maji," Kipanga akamsihi. "Usiseme kitu. Mwangalizi asiposikika mtihani unavunjika."

Mama Mdogo akafanya alama ya kidole mdomoni. Akakaa kimya hadi mchana. Waliomfahamu walisema baadaye kwamba hilo ndilo lilikuwa tukio kubwa la siku, hayo mengine hutokea.

Mtahini mpya alikuja na pikipiki. Alikuwa mama mfupi mwenye kofia ngumu ya pikipiki, ambayo hakuivua mpaka alipomaliza kuwasalimia watu wote kwa mkono. Hakuuliza chochote juu ya asubuhi. Akasema, "Tuanze."

Mraba. Nane. Kusimama hewani. Mama Mdogo alirudia kila amri, na kila amri ilitoka imechanika zaidi ya iliyotangulia, kama redio inayoishiwa mawe ya betri. Betri nayo ilikuwa inashuka. Kipanga alihesabu moyoni mazoezi yaliyobaki, akaona yanatosha, kwa shida, kama hakuna atakayepoteza muda.

Mtahini akatazama saa. "Betri yako inaelekea kuisha, mwanangu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ili tuwahi, usizunguke uwanja kuifikia pembe ya mwisho. Katiza tu juu ya karakana. Hao watu pale kivulini wamekaa, hawasumbui."

Kipanga akamtazama. Uso wa yule mama ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa. Huenda ulikuwa mtego. Huenda alikuwa mwanamke mwema tu, amechoka, ana safari ndefu ya kurudi, na anamhurumia mtu mwenye betri moja. Akizunguka, chaji inaweza isitoshe, na ndege ikishuka nje ya duara amefeli, safari hii bila hila ya mtu. Alimtafuta usoni dalili yoyote. Hakuipata. Kisha akajikuta ameacha kutafuta.

"Hapana, mtahini. Juu ya watu sipiti. Nazunguka."

"Mtahini anaamuru kukatiza," Mama Mdogo akakwaruza, "rubani amekataa. Anazunguka."

Mtahini hakuandika kitu. "Zunguka basi," akasema.

Akazunguka. Aliifuata ile njia ndefu pembeni ya uzio, juu ya majani matupu, huku rimoti ikimpigia kelele kwamba chaji inakwisha, inakwisha, na watu kivulini wakiwa wamesimama wote bila kujua kwamba wamesimama. Pembe ya mwisho. Kurudi. Upepo ulikuja kutoka mbele na kuishika ndege, akaishusha kidogo, akaipenyeza chini yake. Ilifika juu ya duara ikiyumba kama mlevi anayeufahamu mlango wake, ikashuka, ikakaa. Mguu mmoja ulikuwa juu ya mstari wa chokaa. Juu ya mstari, lakini si nje yake.

Mtahini akaenda kuinama. Aliinama muda mrefu. Aliporudi alipuliza muhuri wake, ambao ulikuwa haujavuja, akaugonga.

"Amefaulu. Mwangalizi, rudia."

Mama Mdogo akajishika kiuno. Akajaza kifua. Akafungua mdomo, na pakatoka hewa tu. Akajaribu tena, kikatoka kitu kama mlango wa stoo. Yule aliyekuwa ameamsha bweni zima miaka yote hiyo alisimama katikati ya uwanja, mdomo wazi, na machozi yakamjaa kwa hasira, kwamba kati ya sentensi zote za siku hiyo, hii ndiyo iliyomponyoka.

"RUBANI AMEFAULU!" Bwana Harusi akapayuka kutoka kivulini. Ilikuwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, mwenyewe akiwemo.

"RUBANI AMEFAULU!" wakarudia watahiniwa. Na ng'ambo ya barabara, bila kujua vizuri kanuni yenyewe, soko likarudia pia, na sufuria zikaanza upya. Mwenye kuku ndiye pekee aliyesikika akiwaomba wapunguze makelele, mayai yataharibika.

Kipanga alipokea leseni yake kwa mikono miwili. Wino ulikuwa bado mbichi. Hakuweza kuondoka bila kuuliza.

"Mtahini, samahani. Lile la kukatiza juu ya karakana. Ulikuwa mtego?"

Yule mama alikuwa anavaa kofia yake ya pikipiki tena, ya kujikinga na jua, mtihani wa Bwana Harusi ukingoja. "Ingekuwa si mtego, ungejibu vingine?"

"Hapana."

"Basi unaniuliza ya nini?"

Kipanga akacheka. Akamshika Mama Mdogo mkono, wakaenda pamoja kwenye meza ya plastiki getini, ambako dada wa bima alikuwa ameshafungua kalamu.

"Jina la mwangalizi?" akauliza dada wa bima.

Mama Mdogo akaashiria koo, akatikisa kichwa, kisha akachukua kalamu mwenyewe na kuliandika kwa herufi kubwa.